Ahadi kwa Senti 35

Katika mwaka wa 1908, Mmarekani mwenye senti 35 mfukoni na fonografu nyumbani kwake aliweza kuingia dukani akatoka na sauti ya mtu anayetaka kuwa rais wa nchi. Sauti hiyo ilikuwa imechorwa juu ya silinda nyeusi ya nta ngumu, urefu wake inchi 4 hivi, tupu ndani kama kipande cha mwanzi, nayo imehifadhiwa katika kikasha cha kadibodi. Alipofika nyumbani aliivisha silinda kwenye mashine, akaitia mashine ufunguo kama saa ya ukutani, akashusha sindano, na kwa muda wa dakika 2 Bwana William Jennings Bryan, au mpinzani wake Bwana William Howard Taft, akawa mgeni wake. Dakika 2 zikesha, mgeni hunyamaza. Ukitaka aendelee, huna budi kununua silinda nyingine.

Nimekuwa nikizisikiliza silinda za zama zile kwa muda sasa. Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara kilianza mwaka 2005 kuziweka hadharani silinda kuukuu zilizokwisha hamishiwa kwenye kompyuta, na mwenye intaneti huzisikia bila ya kulipa hata hizo senti 35. Mimi si msomi wa historia wala wa siasa. Kiingereza changu nimejifunzia kwa kamusi na kibatari, na nilizifuata silinda hizo kwa tamaa ndogo ya mfasiri: nilitaka hotuba fupi nijipime, nione kama naweza kuitia katika Kiswahili ikasemwa kwa muda ule ule wa dakika 2. Sikuweza. Kila nilipojaribu nilipitiliza hadi dakika ya tatu, na hilo ni somo la siku nyingine. Lakini niliondoka na swali ambalo halijaniacha hadi leo. Je, ahadi yaweza kuuzwa? Na ikisha kuuzwa, deni lake ni la nani?

Nasema ahadi, sisemi hotuba, kwa sababu hotuba ya mgombea si sawa na wimbo wala ngano. Mwimbaji akiuza santuri yake, ameuza kitu kilichotimia. Siti binti Saad aliposafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, aliyenunua sahani yake alirudi nyumbani na wimbo mzima. Hakuna kilichobaki cha kudaiwa. Mgombea huuza kitu ambacho bado hakijakuwapo. Anasema nitafanya, tutaondoa, tutajenga. Kwetu sisi husemwa ahadi ni deni, na mtu akikwambia kwamba ana deni kwako kisha akakutoza senti 35 ili ulisikie hilo deni, yafaa umtazame vizuri usoni. Tatizo ni kwamba silinda haina uso.

Tuyatazame mambo yenyewe yalivyokuwa. Watu wa kampuni ya Edison walimfuata Bryan nyumbani kwake Lincoln, katika jimbo la Nebraska, mwezi wa Mei 1908. Chama chake cha Democratic kilikuwa bado hakijamteua. Uteuzi ulikuja Julai, mjini Denver. Yaani sauti yake ilitiwa ndani ya nta kabla ya jina lake kutiwa katika karatasi ya kura. Zikatoka silinda 10. Mwezi wa Agosti ikawa zamu ya Taft, mgombea wa Republican, aliyekuwa Hot Springs, Virginia, na zake zikawa 12. Maikrofoni haikuwapo katika kazi hiyo, kwani kurekodi kwa umeme kulianza miaka ya 1920. Mgombea alisimama mbele ya pembe kubwa kama ya zumari la majitu, akapaza sauti ndani yake, na nguvu ya pumzi yake peke yake ndiyo iliyoisukuma sindano ichore.

Nimemfikiria sana Bryan mbele ya pembe hiyo. Huyu ni mtu ambaye mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 36, alizunguka nchi kwa treni takriban maili 18,000 akihutubia, na sauti yake ilikuwa ikiwafikia maelfu uwanjani bila ya chombo chochote. Alizoea kusema kisha akapokea: kelele, vigelegele, na hapana shaka matusi pia. Sasa amesimama chumbani, nyumbani kwake, anaiambia pembe habari ya ushuru wa forodha, na pembe haimjibu kitu. Sisi washairi tunakijua kitisho hicho. Shairi la kujibizana huandikwa kwa kutazamia jibu. Ukijua kwamba jibu halitakuja, hata vina hulegea.

Wenye maduka waliuza wote wawili kwa bei moja. Rafu moja, kikasha cha namna moja, Bryan kushoto na Taft kulia, au kinyume chake. Na katika baadhi ya kumbi za burudani za mijini wenye biashara walikwenda mbali zaidi: wakasimamisha sanamu mbili za kimo cha mtu, moja ya Bryan na moja ya Taft, wakatia fonografu, na watu wakalipa kiingilio kuwasikiliza wakijadiliana. Kumbe hawakuwa wakijadiliana hata kidogo. Kila mmoja alirekodi mahali pake na mwezi wake, na aliyeyapanga maneno yao yapokezane ni mwenye ukumbi.

Aliye mwepesi wa kulaumu atasema hapa: tazama, siasa imegeuzwa bidhaa, na muuzaji hana imani wala haya. Nami nilianza na lawama hiyo hiyo. Nimeiacha kidogo kidogo, na sababu zangu ni mbili, moja ya huko na moja ya hapa kwetu.

Ya huko kwanza. Tangu miaka ya 1890, kabla wagombea wakubwa hawajakubali kusimama mbele ya pembe, makampuni yalikuwa tayari yakiuza hotuba zao. Walioziseme hotuba hizo ni waigizaji. Mtu wa studio, mwenye koo zuri na malipo ya siku, alizisoma hotuba za Bryan au za McKinley, na mnunuzi akazichukua nyumbani. Wako waliojua kwamba ile si sauti ya mwenyewe, na bila shaka wako ambao hawakujua. Bidhaa ya 1908 ilisifiwa kwa jambo moja: safari hii ni yeye mwenyewe. Ukiliangalia kwa jicho la biashara, huo ni ujanja wa kutangaza mali mpya. Ukiliangalia kwa jicho la ahadi, ni badiliko kubwa mno. Sauti, maneno na jina vimekutana katika kinywa kimoja, na ushahidi wa kukutana huko unakaa kabatini mwa raia, si katika ofisi ya chama wala katika chumba cha mwandishi wa gazeti. Uwanjani neno hupotea pamoja na pumzi, na kesho yake kila mtu hukumbuka lililomfaa. Aliyenunua silinda alinunua, pengine bila ya kukusudia, hati ya deni.

Sidai kwamba wagombea hawakuliona hilo. Nazitazama anwani za silinda zao na naona tahadhari. Katika 10 za Bryan iko moja iitwayo "Kutokufa", mawaidha ya uhai wa roho baada ya mauti. Katika 12 za Taft iko moja juu ya mzaha wa Waairishi, na nyingine juu ya wamishonari wa ng'ambo. Mzaha hauna mdai. Kutokufa nako hakuna atakayekuja kuuliza mwaka wa pili kwamba mbona hakujatekelezwa. Na muuza duka, nadhani, alifurahi pia, kwani mali ya namna hiyo haiozi siku ya pili ya uchaguzi.

Lakini ziko silinda nyingine, na hizo ndizo zilizonibadilisha. Bryan alirekodi moja juu ya dhamana ya amana za benki. Mwezi wa Oktoba 1907 hofu kubwa ilikuwa imezikumba benki za Marekani, watu wakapanga foleni kutoa fedha zao, na milango mingine ikafungwa wakiwa bado nje. Oklahoma, iliyopata hadhi ya jimbo mwaka huo huo wa 1907, ikatunga sheria ya kuzidhamini amana za watu wake. Bryan alitaka jambo hilo liwe la nchi nzima: mtu aliyeweka akiba yake benki asiipoteze kwa sababu mwenye benki ni mzembe au mwizi. Taft naye akarekodi silinda ya kulipinga, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: ukimdhamini kila mwenye benki, mzembe na mwangalifu watakuwa sawa, na mwangalifu ndiye atakayelipa. Badala yake chama chake kilitaka benki za akiba katika posta. Kwa hiyo mnunuzi mwenye senti 70 aliweza kukaa na familia yake baada ya chakula cha usiku akawasikiliza watu wawili juu ya jambo moja, mara mbili, mara tatu, mara kumi akitaka, bila ya mtu kumpigia kelele sikioni. Sijui ni uwanja gani wa kampeni, wakati ule au sasa, unaompa raia fursa hiyo.

Taft alishinda kwa kura za wajumbe 321 kwa 162. Benki za posta alizotaka zilipitishwa kuwa sheria mwaka 1910. Hilo deni alililipa. Bryan alikuwa ameshindwa mara ya tatu, na ahadi za aliyeshindwa hazina soko. Mfuko wa dhamana wa Oklahoma wenyewe ulianguka katika miaka ya 1920, na mtu aliyekuwa bado na silinda ya Taft angaliweza kuipiga kwa furaha. Kisha, kati ya 1930 na 1933, zikafungwa benki takriban 9,000, na akiba za watu wasio na hatia zikaenda nazo. Mwaka 1933 dhamana ya amana ikawa sheria ya nchi nzima. Bryan alikwisha fariki tangu 1925. Yaani deni alilojitwika mwaka 1908 lililipwa na wengine, miaka 25 baadaye, na katika majumba fulani ushahidi wake ulikuwa bado umo kabatini, katika kikasha cha kadibodi, nta imeanza kuota ukungu.

Iko nyingine ya namna hiyo. Bryan alirekodi pia kwamba maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe badala ya mabunge ya majimbo. Hakupata urais wa kulitimiza. Lakini Marekebisho ya 17 ya Katiba yalipokubaliwa mwaka 1913, yeye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje katika serikali ya Woodrow Wilson, na kwa cheo hicho ndiye aliyetia saini ya kuyathibitisha. Hili nalitaja kwa sababu lanifurahisha tu. Si kila siku mtu hupewa kalamu ya kufutia deni lake mwenyewe.

Ya Taft ninayoitaja sasa hainifurahishi. Moja ya silinda zake 12 yahusu, kama anwani yake inavyosema, haki na maendeleo ya Weusi. Mwaka ule katika majimbo mengi ya kusini Mtu Mweusi alikuwa amekwisha pokonywa kura kwa hila za kodi na mitihani. Nawaza nyumba moja ya Weusi, kaskazini labda, ambako kura ilikuwa bado ipo na fonografu imenunuliwa kwa kubana matumizi. Nawaza wametoa senti 35 kwa ajili ya silinda hiyo na wameisikiliza wakiwa wamevaa nguo za Jumapili. Tarehe 4 Machi 1909 Taft aliapishwa, na katika hotuba yake ya siku hiyo alisema kwamba si busara kuwateua Weusi katika vyeo vya serikali mahali ambapo uteuzi huo utaamsha chuki ya rangi. Maana yake ni kwamba ridhaa ya mwenye chuki ndiyo itakayopima haki ya anayechukiwa. Hotuba hiyo haikuuzwa kwa silinda. Ile ya kwanza ilikuwa imo ndani ya nyumba tayari. Wangeivunja? Wangeipiga tena, wakalinganisha neno kwa neno na gazeti la asubuhi ile? Mimi ningeitunza.

Sasa ya hapa kwetu, ambayo nimekuwa nikiizungukazunguka kama mtu anayekwepa mlango wa mdai wake.

Miaka mingi iliyopita, katika mojawapo ya chaguzi zetu, alinijia mgombea mmoja akitaka beti za kampeni. Nilimtungia beti 7, akanilipa, na malipo yalikuwa mazuri kuliko tafsiri yoyote niliyokuwa nimefanya mwaka ule. Kijana mmoja mwenye sauti akaziimba kwa kinanda, zikatiwa katika kanda, kanda zikapelekwa sokoni. Ubeti wa 4 ulikuwa wa maji: bomba litafika hadi mtaa wetu wa juu, akina mama watapumzika na ndoo. Sikumwuliza bwana yule maji yatatoka kisima gani wala kwa fedha ya nani. Nilichojiuliza ni vina tu. "Bomba" lilikuwa likinisumbua, hadi nilipompata "kuomba" nikalala usingizi.

Siku moja nikapita sokoni nikamkuta muuza kanda anaipiga. Nikasimama kidogo, nikiwa na majivuno ya mtunzi. Ikesha, akatia ya mpinzani. Nikamwuliza wewe ni wa upande gani. Akacheka: "Mzee, mimi nauza kanda." Nilimwona hana imani. Nilikwenda zangu nikimlaumu, nami nina fedha ya beti mfukoni.

Bwana yule alishinda. Bomba halikuja. Mwaka wa nne hivi baada ya hapo, jirani yangu mmoja, bibi mtu mzima ambaye nimemkuta mtaani tangu utoto wangu, alimtuma mjukuu wake aniite. Nikamwamkia, akanipa kiti, akawasha redio yake ya kanda. Zikaanza beti zangu. Akaniacha nizisikilize zote 7, kisha akazima.

"Mwanangu, haya maneno ya nani?"

Nikamwambia ni ya mheshimiwa yule.

"Sauti si yake."

Nikamwambia sauti ni ya kijana mwimbaji.

"Na maneno?"

Nikanyamaza. Akasema yeye aliinunua kanda ile kwa fedha yake kwa sababu ya ubeti wa maji, na tangu hapo kila apandapo na ndoo huukumbuka. Alikwenda kwa mheshimiwa mara mbili. Mara ya kwanza hakumkuta. Mara ya pili aliambiwa kwamba ule ni wimbo tu, na mheshimiwa hakuimba. Ndipo alipouliza mtaani nani hutunga nyimbo za namna ile, akatajiwa jina langu. Hakunikaripia. Alikuwa akimtafuta mwenye deni, na katika sisi watatu, mgombea, mwimbaji na mtunzi, alikuwa amebakisha mmoja tu ambaye hajaulizwa.

Tangu siku hiyo sikuweza kuwaonea tena wenye maduka wa 1908. Muuza kanda wetu naye namwomba radhi. Yeye alisema waziwazi anachouza. Kosa katika bidhaa ile lilikuwa kwamba ahadi ilitengenezwa na watu watatu kwa namna ambayo hakuna hata mmoja angeweza kushikwa nayo, na katika watatu hao mimi ndiye niliyejua zaidi thamani ya maneno. Silinda ya Bryan, pamoja na ubaridi wake wote, pamoja na pembe isiyojibu na sanamu za ukumbini na rafu ya muuza duka asiyejali, yuko mtu ndani yake. Bibi yangu angeipeleka Lincoln, akagonga mlango, na sauti ya atakayefungua ingekuwa ile ile.

Biashara yenyewe haikuishi sana. Mwaka 1912 Wilson, Taft na Theodore Roosevelt wote walirekodi. Mwaka 1920 walirekodi Harding na Cox kwa mfululizo wa sahani ulioitwa Nation's Forum. Kisha redio ikashika nafasi, na redio haiuzi hotuba kwa kipande. Bryan, akiwa mzee, alirudi mbele ya pembe katika miaka ya 1920 akarekodi sehemu ya hotuba yake ya mwaka 1896 iliyompatia jina, ile ya msalaba wa dhahabu. Hapo alikuwa hagombei kitu. Ndiyo silinda na sahani za namna hiyo ambazo wakusanyaji wa vitu vya kale hununuliana leo, na bei, kwa desturi ya mambo haya, hufuata umaarufu wa jina na uzima wa nta.

Mimi sijatunga tena beti za kampeni. Wamenijia, na mmoja aliniambia kwamba nikikataa atampata mwingine, jambo ambalo ni kweli, na alimpata.

Mwaka juzi nilikwenda kwa bibi kumwomba aniuzie kanda ile. Nilitaka kuwa nayo nyumbani kwangu, na nilitaka, nikiri, isiwe kwake. Akaniuliza bomba limefika? Nikamwambia bado, bibi. Akasema basi aiache hapo hapo ilipo, sandukuni, chini ya kanga zake. Redio ya kuipigia ilikwisha haribika zamani.